Kumpima mwalimu si kumfunza

Ilikuwa siku ya kufunga shule, na jua la Nambale lilikuwa limekwisha kuanza kuchoma mabati ya soko, nilipoingia katika kibanda kimoja cha kompyuta kutafuta nakala ya cheti changu kilichoanza kuliwa na mchwa. Nikamkuta binti mmoja, mwalimu wa madarasa ya chini, amekaa mbele ya mashine, daftari gotini, uso wake kama wa mtu anayedaiwa deni asilolijua. Alikuwa akijaza fomu yake ya tathmini ya muhula. Aliponiona alisimama kunipa kiti, kama wafanyavyo bado watoto waliolelewa vyema, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hapa nimetakiwa nitaje upungufu wangu na hatua nitakazochukua. Niandike nini?"

Kabla sijafungua kinywa, kijana mwenye kibanda alimjibu bila hata kuinua macho: "Andika kwamba utahudhuria warsha. Walimu wote huandika hivyo, na haijawahi kurudishwa."

Akaandika. Akabonyeza. Akalipa. Tulipokuwa nje tukitafuta kivuli ndipo aliponieleza lile ambalo fomu haikumpa nafasi ya kulieleza. Katika Gredi yake ya Tatu wamo watoto saba wasioweza kusoma sentensi moja ya Kiswahili mpaka mwisho. Amewakalisha mbele, amewapa wenzao wawasomee, amejaribu ukali, akasema kwa haya, na amejaribu upole. Mwaka wa pili sasa, hakuna mtu aliyewahi kuingia darasani mwake ila yule ajaye kutia alama. Huyo huja na karatasi, hukaa dakika zake, huondoka. Alama anazopewa ni nzuri. Watoto saba wangali saba.

Ni kwa ajili ya watoto hao saba, wala si kwa ajili ya ubishi wa vyama na waajiri, kwamba naandika leo mintarafu ya tathmini ya wafanyakazi na mafunzo wapewayo kazini.

Tangu mwaka wa 2016 tume ya kuajiri walimu, TSC, imekuwa ikitumia utaratibu wa tathmini ambao kila mwalimu anaujua kwa herufi zake nne, TPAD. Mwalimu hujitia alama mwenyewe kwanza, kisha hukutana na mkubwa wake shuleni, wakakubaliana au wakabishana, na matokeo yakapelekwa kwa mtandao. Kadhalika huangaliwa akifundisha. Asemaye kwamba utaratibu huu ni laana tupu hasemi kweli. Sisi wa zamani tunaikumbuka ripoti ya siri, ambayo mwalimu mkuu aliiandika usiku kwa taa ya kandili, akaitia katika bahasha, na mwalimu akaja kugundua baada ya miaka sita kwamba alinyimwa cheo kwa sababu hakuhudhuria arusi ya mtu. Kuonyeshwa alama zako na kuruhusiwa kuzijibu ni haki ambayo babu zetu wa kazi hawakuipata.

Lakini fomu hii imetwishwa mizigo miwili. Inatakiwa imwambie mwajiri ni nani anayestahili kupandishwa cheo na ni nani anayestahili kuulizwa maswali. Na papo hapo inatakiwa imsaidie mwalimu kuziona kasoro zake na kuzirekebisha. Mizigo hii haikai juu ya bega moja. Nani atakayemfunulia kidonda mtu ambaye kesho anaweza kukitumia kidonda hicho kumzuilia cheo? Mwalimu mwenye akili timamu atakifunika, tena atakifunika vizuri. Atataja upungufu usioumiza, kama vile kukosa ujuzi wa kompyuta, naye mkubwa wake, ambaye pia anapimwa kwa alama za walimu wake, atautia sahihi kwa furaha. Hivyo fomu zitajaa, na ukweli utabaki nje kivulini, ulipobaki siku ile ya soko.

Wasomaji vijana huenda hawajui kwamba jambo hili la kumpima na kumchochea mwalimu lilipata kujaribiwa hapa hapa kwetu, tena kwa makini ambayo dunia nzima ilikuja kuyasoma. Katika miaka ya 1990 shirika la Kiholanzi lililojulikana kwa herufi ICS lilikuwa likisaidia shule za msingi za wilaya za Busia na Teso. Pamoja nalo walifanya kazi wataalamu wa uchumi, na mmoja wao alikuwa Mmarekani Michael Kremer, ambaye ujanani mwake aliwahi kufundisha katika wilaya ya Kakamega. Utaratibu wao ulikuwa rahisi kuueleza: shule zilizofanana ziligawanywa kwa bahati nasibu, nyingine zikapewa msaada fulani mapema, nyingine zikangoja, kisha zikalinganishwa. Walianza na vitabu. Baadaye wakaja na dawa ya minyoo, iliyogawiwa kuanzia 1998 katika mradi wa shule 75 za upande wa Funyula na Budalang'i, na ambayo iliwarudisha madarasani watoto wengi waliokuwa wakishinda nyumbani wagonjwa. Mwaka wa 2019 Kremer alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na majina ya vijiji vyetu yakatajwa katika kumbi ambazo wanavijiji hawatazikanyaga.

Habari ya vitabu inafaa kukumbukwa na kila mwalimu. Kuanzia 1996 shule kadhaa zilipewa vitabu vya kiada, na kila mtu alitazamia kwamba alama za watoto wote zingepanda. Zilipanda za wale waliokuwa wakiongoza darasa tangu hapo. Wengine walibaki walipokuwa. Sababu si ngumu kwa mtu wa huku kuikisia: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Nambale huzungumza Kikhayo na bibi yake na Kiswahili sokoni, Kiingereza akakikuta darasani kikimsubiri kama mgeni mkali. Kitabu bila mwalimu ajuaye kumshika mkono mtoto wa nyuma kilimfaa yule asiyehitaji kushikwa.

Kisha yakaja majaribio yanayotuhusu leo. Katika miaka ya 1998 na 1999, shule 50 kati ya 100 za Busia na Teso ziliahidiwa kwamba walimu wao wa darasa la nne hadi la nane wangepewa zawadi iwapo shule ingefanya vyema au ingepanda sana katika mitihani ya wilaya. Zawadi zenyewe zilikuwa za kutamanika: suti kwa washindi wa kwanza, kisha sahani na bilauri, kisha vyombo vya chai, kisha mashuka na mablanketi. Thamani yake ilikuwa kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi. Katika siku zile, mwalimu wa kawaida alikosekana shuleni takriban siku moja kwa kila tano. Ilitumainiwa kwamba suti ingemvuta.

Haikumvuta. Mahudhurio ya walimu hayakubadilika. Kazi za ziada za nyumbani hazikuongezeka. Namna ya kufundisha ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni vipindi vya kuwanoa watoto kwa ajili ya mtihani, na alama, kweli, zikapanda. Zawadi zilipokoma, tofauti baina ya shule zilizoahidiwa na zile ambazo hazikuahidiwa ikayeyuka. Mtoto alikuwa amefundishwa kujibu karatasi ya mwaka ule, na mwaka ule ulipopita ukaondoka na majibu yake.

Sitaki mtu aisome habari hii kuwa ni kashfa kwa walimu wa Busia. Wengine wao walikuwa marafiki zangu, na suti zile walizivaa kanisani kwa miaka mingi. Walifanya alichofanya kila mfanyakazi tangu kuumbwa kwa ajira: walitazama kinachopimwa, wakakitimiza kwa njia fupi kuliko zote. Hakuna aliyewaambia namna ya kumfundisha kusoma mtoto aliyekwama. Waliambiwa tu kwamba akisoma watazawadiwa. Ni kama kumwahidi ng'ombe mtu asiyejua kuogelea, ili avuke Mto Sio.

Basi huenda mtu akasema: tuwafunze. Naam, na mafunzo hayajakosekana. Ukoo wa semina na warsha katika nchi hii ni mkubwa kuliko ukoo wa mchwa. Mwaka wa 1998, serikali ikisaidiwa na Wajapani ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili. Ulianzia katika wilaya tisa, na mojawapo ilikuwa jirani zetu wa Butere-Mumias; kuanzia 2003 ukapanuliwa nchi nzima. Kiini chake kilikuwa kizuri ajabu: mwalimu apange, atende, atazame alivyotenda, kisha aboreshe. Lakini mafunzo yalishuka kwa ngazi. Wakufunzi wa taifa waliwafunza wa wilaya, wa wilaya wakawafunza walimu, na mwalimu akarudi shuleni kwake peke yake. Mtu akimimina chai kutoka birika hadi kikombe, na kutoka kikombe hadi kisahani, asishangae anayekunywa mwisho akipata unyevu tu. Hasa ile hatua ya tatu, ya kutazama, ndiyo iliyomwagika njiani, kwa sababu hukaa darasani, na semina haziingii darasani.

Fauka ya hayo, warsha zenyewe hupimwaje? Mwaka wa 1959 Mmarekani mmoja, Donald Kirkpatrick, alianza kuchapisha maelezo kwamba mafunzo ya wafanyakazi yapasa kupimwa kwa daraja nne: je, waliofunzwa waliyafurahia, je, walijifunza kitu, je, mwenendo wao kazini umebadilika, na je, kazi yenyewe imepata faida. Nimehudhuria semina nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na karibu zote zilikomea daraja ya kwanza. Saa kumi jioni, watu wakiwa wamekwisha kushika mifuko yao, hugawiwa karatasi inayouliza kama ukumbi ulifaa, kama mkufunzi alisikika, na kama chakula kilitosha. Kilitosha. Hakuna aliyewahi kunifuata hadi darasani muhula uliofuata kuona kama nilitumia hata jambo moja.

Hebu sasa tuondoke shuleni, twende mpakani, kilomita chache tu magharibi yetu, maana kuna mahali ambapo kujifunza kazini hutukia kila siku bila warsha. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kuwabeba watu kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita "boda, boda", na neno hilo leo limeenea Afrika Mashariki. Kijana mpya hakupewa cheti. Alipanda nyuma ya mkongwe siku kadhaa, akaona jinsi ya kuweka uzito, jinsi ya kupatana nauli, jinsi ya kuzungumza na askari. Kisha akapanda mbele, mkongwe akakaa nyuma.

Au watazame mawakala wa forodha wa Malaba na Busia. Mwaka wa 2005, kompyuta za mfumo ulioitwa Simba zilipochukua mahali pa makaratasi, wazee waliozoea mihuri na kaboni walilazimika kuanza upya. Mfumo huo nao ukaja kubadilishwa. Halafu mwezi wa Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda wakakifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo lori liendalo Uganda hukaguliwa mara moja upande wa Uganda, na lijalo Kenya upande wa Kenya, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Kila badiliko lilikuwa somo jipya. Semina zilikuwapo, ndiyo, lakini karani kijana alijifunza hasa kwa kukaa kando ya karani mzee, na alipokosea, dereva wa trela alimjulisha kabla ya saa ya chakula, kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo. Pale mpakani kosa halingoji mwisho wa muhula.

Mwalimu hana dereva wa kumpigia kelele. Mtoto asiyeelewa hunyamaza. Hukaa miaka mingi akinyamaza, kisha hutoka, na kosa letu hujulikana akiwa mtu mzima, anapombwagia mwenzake karatasi ya mkataba amsomee. Ndiyo maana kazi ya ualimu, kuliko kazi nyingine nyingi, inahitaji jicho la pili ndani ya chumba, tena jicho lisilobeba kalamu nyekundu.

Jicho hilo tulipata kuwa nalo, au nusu yake. Wapo walioitwa washauri wa walimu, wa vituo vya ushauri, ambao siku hizi huitwa maofisa wa kusaidia mtaala. Kwa miaka mingi wengi wao waligeuzwa matarishi wa mitihani na takwimu. Kisha mwaka wa 2015 mpango wa Tusome, uliofadhiliwa na Marekani na Uingereza, ukaenea katika shule zote za msingi za umma kwa madarasa ya chini. Maofisa hao walipewa vishikwambi na nauli iliyotegemea idadi ya madarasa waliyoyatembelea. Kazi yao ilikuwa kukaa nyuma, kutazama somo zima la kusoma, kuwaita watoto watatu kwa bahati nasibu wasome kwa sauti, kisha kuketi na mwalimu na kumwambia mambo mawili matatu ya kujaribu. Watoto walisoma vizuri zaidi kuliko awali, na uchunguzi wa nje ulithibitisha hivyo. Mimi nilimwona mmoja wa maofisa hao akivua koti na kuichukua chaki, akamwonyesha mwalimu namna ya kuzitenganisha silabi, na mwalimu akaijaribu pale pale huku watoto wakicheka. Hiyo ilikuwa tathmini na mafunzo katika nusu saa moja. Kasoro yake ilikuwa kwamba ofisa mmoja alibebeshwa shule nyingi mno, na kwamba nauli ilitoka kwa wafadhili, na wafadhili huondoka.

Tumeingia sasa katika zama za mtaala mpya, ulioanza kutumika madarasani Januari 2019, na walimu wengi wameupokea kwa mafunzo ya siku chache tu. Mwaka wa 2021 ukatangazwa pia mpango wa mafunzo ya kudumu yenye moduli sita, na mwalimu akatakiwa kujilipia ada ya Sh6,000 kwa mwaka. Walimu walinung'unika, nami sikuona ajabu. Mwajiri anayetaka mfanyakazi wake ajue zaidi ili kazi yake iende vizuri, kisha akamtumia bili, ni kama mwenye shamba anayemkodisha kibarua jembe. Lakini hata kama ada ingefutwa kabisa, swali la yule binti lingebaki: nani atakayeingia darasani kuwaona wale saba?

Wajapani wale wale waliotuletea SMASSE wana desturi yenye umri wa zaidi ya karne. Walimu wachache hupanga somo moja kwa pamoja. Mmoja hulifundisha, wengine huingia na kutazama, na wanachotazama ni watoto: nani alikwama, alikwama wapi, alifanya nini alipokwama. Baadaye hukaa wakalizungumza somo, ambalo sasa ni lao wote, kwa hiyo hakuna wa kuaibika. Desturi hiyo imekwisha kuhubiriwa katika nchi yetu. Haihitaji mtandao, wala nauli ya Nairobi. Inahitaji kipindi kimoja kwa wiki katika ratiba, na mwalimu mkuu mwenye ujasiri wa kuagiza kwamba yatakayosemwa humo hayataandikwa katika fomu yoyote ya kupandishia cheo.

Najua jibu la walimu wakuu, maana nimelisikia: walimu hawatoshi, na darasa likiachwa pekee litageuka uwanja wa mpira. Ni kweli. Hata hivyo, shule hizo hizo hupata muda wa kujaza fomu, kuzikusanya, kuzichapa upya pale mtandao unapokataa, na kungojana kwenye vibanda vya soko siku za kufunga. Nimejaribu kuzijumlisha saa hizo kwa muhula mmoja katika shule moja ninayoijua, nikaacha kwa uchungu kabla sijamaliza. Robo yake ingetosha. Na TSC, kama inataka kweli kusaidiwa na ukweli, ingeitoa sehemu ile ya upungufu katika fomu ya alama, ikaiacha iwe shauri baina ya mwalimu na wenzake, na ikawauliza walimu wakuu swali moja tu: ni mara ngapi muhula huu walimu wako wameingia madarasani mwa wenzao?

Yule binti aliniambia kwamba katika shule yake yupo mama mmoja wa Gredi ya Kwanza ambaye watoto wake wote husoma. Wamefundisha vyumba vilivyopakana kwa miaka miwili, ukuta mmoja kati yao, na hajawahi kumwona akifundisha. Alimwonea haya. Nilimwambia shule zikifunguliwa amwombe. Amenitumia ujumbe: mama yule amekubali, tena alicheka, akasema hata yeye alikuwa akiona haya kuomba aje kujifunza nyimbo anazosikia ng'ambo ya ukuta. Nami nimealikwa. Ni Alhamisi, saa nne, baada ya uji wa watoto. Nitakaa kwenye dawati la nyuma pamoja na wale saba.